Ng'ombe wa Nikodemo

Mdogo wangu Nikodemo hakujaliwa akili ya kuachana na jambo. Tangu utotoni, akishaona tatizo atalala nalo, ataamka nalo, na mwisho atatulaza nalo sote. Nasema hivi kwa upendo, lakini na hasira imo, kwa sababu ni mimi dada yake niliyezunguka naye nyumba kwa nyumba kuomba chupa, mimi Secilia, mwenye meza yangu ya karoti na hoho pale Soni na shughuli zangu za kunitosha.

Tatizo lenyewe lilikuwa mfereji. Kijijini kwetu, huku juu ya Soni, tunalima mboga mwaka mzima, na kabichi isiyopulizwa dawa ni chakula cha viwavi. Mtu anachanganya dawa yake pembeni mwa mfereji kwa kuwa maji yako hapo, anajaza bomba lake la mgongoni, anapuliza, na chupa tupu anaitupa palepale. Nani atembee na chupa inayonuka mpaka nyumbani? Mvua ikinyesha inazikusanya zote na kuzishusha hadi chini ya daraja la miti, na hapo chini ya daraja ndipo tunapochota maji. Tulikuwa tunazisukuma kwa mguu, tunachovya ndoo, tunaondoka.

Nikodemo alikuwa amerudi kutoka Arusha, alikochora mabango ya maduka kwa miaka mingi na kujifunza kwa wenzake kutengeneza sanamu kwa takataka: waya, mabati yaliyotoboka, ndala zilizokatika. Siku ya kwanza nilipomtuma maji alirudi na ndoo tupu.

"Dada, haya maji mnakunywa?"

"Tunachemsha."

"Sumu haiishi kwa kuchemshwa."

"Basi tufundishe kunywa upepo," nikamjibu, nikaenda kuchota mwenyewe.

Akaenda kusema kwenye mkutano wa kijiji. Walimsikiliza, wakampigia makofi, mwenyekiti akamshukuru kwa elimu nzuri, na kesho yake mfereji ukaleta chupa nyingine. Hapo ndipo aliponiambia kwamba watu wa kwetu wamechoka kusikia, sasa inabidi waone. Alitaka jambo moja tu: mtu yeyote wa kijiji kile, mwenye kusoma na asiyesoma, aione sumu yake mwenyewe kwa macho na aiogope. Akaamua kutengeneza ng'ombe.

"Kwa nini ng'ombe?"

"Kwa sababu ng'ombe anakunywa mferejini, na sisi tunamkamua. Wakiona kiwele cha chupa za sumu wataelewa bila mimi kufungua mdomo."

Wazo lilinigusa, sifichi. Alitumia karibu kiangazi chote nyuma ya nyumba yangu. Mifupa aliifanya kwa waya na nondo za kuokota, madoa meusi kwa ndala, na ngozi yote kwa chupa za darajani. Aliziosha kwa majivu na mchanga, akazianika, akaziosha tena. Karatasi zake, zile zenye picha ya fuvu, alizilowesha akazibandua, kwa maana zilikuwa zimechanika na kuingia matope, naye alitaka ng'ombe mweupe. Kiwele alikifanya kwa chupa kubwa zenye midomo mipana, na hizo alizisugua mpaka zikang'aa kuliko vyombo nilivyopewa siku ya harusi yangu.

"Nikimkamua huyu napata lita ngapi?" nilimtania.

Alicheka sana. Alikuwa na furaha siku zile.

Sasa, siku ya mavuno kanisani kwetu ni sikukuu kubwa. Mtu huleta alichopanda au alichofuga: ndizi, viazi, mayai, kuku waliofungwa miguu, na mwenye uwezo huleta mbuzi. Vyote hupelekwa mbele kwa nyimbo, mwinjilisti huviombea, kisha baada ya ibada vinatolewa nje na kupigwa mnada. Majirani zetu Waislamu nao huja kwenye mnada, maana kuku ni kuku. Na sharti lake kila mtoto analijua: kilichoombewa hakirudi kwa mwenyewe bure. Ukikitaka tena, kinunue kama wengine.

Nikodemo alilijua sharti hilo. Ila aliona ndiyo siku watu wote wako mahali pamoja, akamwomba Mwinjilisti Kristian nafasi ya kusema maneno machache mbele ya ng'ombe wake baada ya mahubiri. Mwinjilisti alikubali vizuri kabisa. Lakini mahubiri yakawa marefu, kwaya zikawa nyingi, na ile nafasi ikapotelea humo humo. Watu walipoanza kwenda mbele na mavuno yao, wanakwaya wakamkuta ng'ombe amesimama mlangoni. Wakadhani naye ni sadaka. Wakambeba juu juu, vigelegele vikapigwa, kina mama wakatandika kanga chini apite. Nikodemo alikuwa amekaa upande wa dirishani. Akaanza kupenya katikati ya watu, samahani huku, samahani kule, na alipofika mbele mwinjilisti alikuwa ameshanyoosha mikono na kanisa zima limefumba macho. Utamkatiza mtu anayeomba? Naye akafumba macho.

Mnada wetu unaendeshwa na Mzee Martin, mzee wa kanisa, ambaye angeweza kumuuzia chura maji. Aliuza ndizi, akauza mbuzi, halafu akampigapiga ng'ombe mgongoni.

"Haya, nani anaanza? Huyu hali majani, haumwi, na hapigi teke!"

Watu wakaangua kicheko. Nikodemo akasogea mbele. "Mzee Martin, shikamoo. Huyo hauzwi. Nilimleta watu wamwone tu."

"Marahaba, mwanangu. Ameshaombewa huyo. Mungu amemwona, sasa tuone sisi bei yake."

"Basi namnunua mimi."

Hapo akaharibu kabisa. Kwenye mnada wa kanisa, mtu akionekana anakitaka kitu kwa moyo wote, wenzake humpandishia kwa makusudi ili kanisa lifaidike, na yote ni kwa upendo na kicheko. Amiri mwenye duka akapandisha. Nikodemo akapandisha. Amiri akapandisha tena huku anatukonyeza. Mfuko wa mdogo wangu ukaisha, nikampa nilichokuwa nacho kwenye pindo la kanga, nacho kikaisha. Wote wakashangilia. Amiri alipoambiwa amchukue ng'ombe wake akainua mikono: "Mimi nilikuwa nachangamsha tu, Mzee. Huyu nitamlaza wapi?"

"Kama hakuna wa kumchukua mzima," akasema Mzee Martin, "basi tumchinje!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile pale kanisani. Akaanza na kiwele. Alikata waya kwa koleo, akainua chupa ya kwanza juu.

"Chupa safi, mdomo mpana, kifuniko kinafunga sawasawa, na imeombewa! Mama muuza maziwa uko wapi?"

Huku kwetu chupa yenye kifuniko kizuri haitupwi. Inawekwa samli, inawekwa asali, inatumwa na maziwa kwa mgonjwa. Mikono ikanyooka kila upande. Nikodemo akapanda juu ya benchi, jasho linamtoka.

"Jamani, ni sumu! Hizi ni chupa za dawa ya kupulizia, zile za darajani! Msizichukue!"

Bibi Mariamu, ambaye sote tunamheshimu, aliichukua ile chupa mkononi mwa Mzee Martin, akaifungua, akanusa, akaielekeza kwenye jua akachungulia ndani.

"Hii si ya darajani. Mbona hainuki?"

"Nimeiosha mimi, bibi! Kwa majivu!"

"Basi kama umeshaiosha," akasema bibi kwa upole, "ahsante, mjukuu wangu. Umetupunguzia kazi."

Ikauzwa. Zikauzwa zote, za kiwele, za mbavu, za miguu, mpaka yakabaki mawaya na ndala. Nikodemo alishuka kwenye benchi akawa anamfuata kila mtu anayeondoka na chupa, anamshika mkono, anamweleza, na kila mtu anamwambia hongera, umetoa vizuri mwaka huu. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumtazama.

Asubuhi yake alibeba ndoo zangu na vidumu vyangu vyote vipya bila kuniomba, akaniambia tunakwenda kubadilishana na zile chupa. Nikafunga meza yangu, nikamfuata. Ningefanyaje? Peke yake wangemcheka tu.

Mzee Selemani alikuwa ametia mafuta ya taa, akatukabidhi chupa bila ubishi. Bibi Mariamu alikuwa ameweka boha ya mumewe, ile pombe ya miwa, na alisema mumewe anakunywa boha tangu ujana wake, kama ni kufa angekufa zamani. Alikataa kidumu na kutukaribisha makande. Wengine walitabasamu na kutupatia chupa nyingine za soda, ile ya mnada wameificha uvunguni, tunaiona. Mama Fatuma, jirani yetu, ndiye aliyetusikiliza hasa. Akamimina asali yake kwenye sufuria, akampa Nikodemo chupa.

"Nimekuamini," akasema. "Sasa hii asali ilikaa humo tangu jana. Nifanye nini nayo?"

Nikodemo akafikiri. "Mwaga."

"Nimwage asali?" Alimtazama kama mtoto aliyesema neno baya bila kujua maana yake. Akaifunika sufuria, akaiweka kabatini.

Tulizunguka hivyo siku baada ya siku. Tulizipata nyingi, na Nikodemo kila jioni alizipanga ukutani akizitambua moja moja, kwa maana aliziosha kwa mikono yake. Moja ndiyo iliyomkosesha usingizi. Ilikuwa ile kubwa ya katikati ya kiwele. Aliponiambia habari zake ndipo nami nilipoacha utani. Alipoiokota chini ya daraja bado ilikuwa na dawa ndani, nzito na nyeupe, ikammwagikia vidole, na ngozi ya vidole ikababuka. Nilikumbuka alivyofunga kitambaa, na mimi nikidhani amekatwa na waya.

"Nani aliichukua hiyo?"

Hakujua. Tukauliza kwa wanakwaya, na Yudith, anayeimba sauti ya kwanza, akakumbuka mara moja. "Si Esteria yule? Alisema ni ya maziwa ya mtoto."

Esteria ni binti wa marehemu baba yetu mdogo. Ameolewa Shume na Stephano, anayepasua mbao msituni, na alikuja kwa ajili ya mavuno tu, na mtoto wake mgongoni, Tobia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tulimpigia simu, haipatikani. Tukampigia Stephano, haipatikani, kama ilivyo simu ya kila aliye msituni. Kesho yake alfajiri tukapata fuso lililokuwa linarudi Shume kupakia kabichi. Tulipopita Lushoto mjini niliomba moyoni kwamba ile chupa iwe imepotea, imepasuka, imeibiwa. Ningemshukuru mwizi kwa dhati.

Esteria alitupokea akikimbia. "Shikamoo dada! Shikamoo kaka! Mbona hamkusema mnakuja?" Akatuwekea vigoda karibu na moto kwa maana Shume ni baridi, akabandika chai. Tobia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mnene, mashavu yamejaa, anagonga kijiko kwenye sufuria. Nilimwangalia nikapumua. Halafu Esteria akanyoosha mkono juu ya kabati na kushusha ile chupa, ina maziwa nusu.

"Chupa yako, kaka," akasema kwa furaha. "Kila asubuhi naendea nayo maziwa kwa jirani. Kila nikimnywesha Tobia nakukumbuka."

Nikodemo aliinuka akaishika chupa kabla Esteria hajamimina kwenye chai. Akamweleza. Alimweleza vizuri, polepole, kuanzia darajani mpaka vidole vyake, na alimwonyesha vidole. Mimi nilikuwa namwangalia Esteria. Hakubisha kama Bibi Mariamu, hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyanyua mtoto kutoka kwenye mkeka akamweka mapajani.

"Ni dawa gani?"

"Sijui."

"Haikuandikwa?"

"Iliandikwa. Nilibandua karatasi."

"Amekunywa tangu mavuno, kaka. Kila siku, asubuhi na jioni. Sasa nifanye nini?"

Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni hajakosa jibu, alisimama na chupa ya maziwa mkononi kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni nini. Ikabidi niseme mimi. Nikasema twende zahanati.

Pale zahanati tulimkuta daktari kijana, mpole, asiye na haraka. Alimpima Tobia kifua, akamwangalia macho na ulimi, akambonyeza tumbo, na Tobia akacheka akidhani anatekenywa. Daktari akasema mtoto anaonekana mzima.

"Kwa hiyo haina neno?" akauliza Esteria.

"Siwezi kusema haina neno, mama. Dawa za mboga ziko nyingi, na kila moja ina tabia yake. Ningejua ni ipi, ningekuwa na la kusema. Nyingine hazionyeshi kitu leo."

"Zinaonyesha lini?"

Daktari alikunja karatasi yake. "Mwangalieni tu. Mkiona mabadiliko mleteni."

"Mabadiliko gani?"

"Yoyote."

Tukatoka. Esteria hakulia. Njiani Tobia alipiga chafya, mama yake akasimama. Akamgeuza uso kwenye mwanga, akamchungulia puani, akanusa mdomo wake, kisha akaendelea kutembea. Mbele kidogo mtoto alisinzia mgongoni, Esteria akasimama tena, akamshusha, akamtikisa mpaka akaamka analia. Ndivyo tulivyorudi, tunasimama na kutembea, na safari ambayo kwenda ilikuwa fupi ikawa ndefu mno.

Nyumbani Tobia alidai maziwa kwa kuwa ulikuwa wakati wake. Jirani alikuwa ameleta mengine, yamo kwenye bakuli safi la udongo ambalo halijawahi kuona chupa yetu. Esteria alichota kwa kikombe, akakisogeza mdomoni mwa mtoto, mkono ukakataa. Akakirudisha. Akajaribu tena, akakirudisha tena. Mtoto analia, ananyoosha mikono, na mama anakitazama kikombe. Nikamwambia hayo ni safi, mdogo wangu, mpe. Akaniambia anajua. Mwisho nilimnywesha mimi, naye akageuka akaangalia ukuta.

Nikodemo alitia chupa kwenye mfuko. Akasema atairudisha Soni, ataizungusha kwenye maduka yote ya pembejeo mpaka ampate anayelikumbuka umbo lake, atajua ilikuwa dawa gani, atapiga simu. Alisema mambo mengi. Esteria aliitikia kila moja, ndiyo kaka, sawa kaka, na sidhani kama alisikia hata moja.

Kwetu mgeni husindikizwa hata kama nyumba inaungua. Alimfunga Tobia mgongoni, akatutoa mpaka barabarani kwenye rundo la kabichi zinazosubiri gari. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye misonobari.

"Bora usingekuja, kaka," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira Nikodemo angejua la kufanya nayo, angeomba msamaha, angejitetea.

Fuso lilipofika tulimuaga na hakuinua kichwa. Alikuwa amemgeuza mtoto mbele, ameweka sikio kwenye kifua chake, anasikiliza.